Kisanduku cha Kumi na Tatu

Naanza na kosa langu mwenyewe, maana hospitalini kwetu wapo wanaosubiri kwa hamu kulisimulia wao, na wakilisimulia watalitia chumvi. Siku ya Ijumaa, saa tisa na nusu alasiri, nilitia sahihi karatasi iliyosema kwamba dereva wa gari la wagonjwa hana ugonjwa wowote wa usingizi. Nikaigonga muhuri. Nikampelekea katibu wa hospitali kwa mikono yangu miwili. Karatasi ile ilikuwa ya uongo, na aliyeiandika ni mimi.

Mimi ni muuguzi wa kliniki ya masikio, pua na koo. Nina miaka ishirini na sita ya kutazama makoo ya watu. Miaka mitatu iliyopita nilipelekwa kozi ya wiki sita juu ya magonjwa ya usingizi, kwa sababu aliyepangiwa kwenda alivunjika mguu na nafasi ya hospitali ilikuwa imeshaandikwa. Nilikwenda shingo upande. Huko nikafundishwa kwamba kuna mtu anayelala saa nane nzima na kuamka amechoka kuliko alivyolala. Koo lake linajifunga usingizini, pumzi inakatika, mwili unashtuka, anavuta hewa kwa kishindo, analala tena, koo linajifunga tena. Inaweza kuwa mara mia mbili, mara mia tatu kwa usiku mmoja, na asubuhi hakumbuki hata moja. Mchana mtu huyo anasinzia kazini na sisi tunamwita mvivu. Nilipolisikia hilo nilikumbuka wangapi nimewaita wavivu kwa mdomo wangu huu, marehemu baba yangu akiwa wa kwanza, na niliona aibu mpaka nikatoka darasani.

Nilirudi na cheti, na kipimo kimoja kilichokwisha kutumika, zawadi ya mwalimu wangu. Kina kibanio cha kuvaa kidoleni, waya, na kidude cha kufunga mkononi mithili ya saa, kinachoandika kiwango cha oksijeni kwenye damu kila baada ya sekunde nne. Hospitali ikanipa stoo ya vitanda vibovu, iliyopakana na chumba cha dobi. Nikatoa vitanda kumi na kimoja, nikaacha kimoja kisichopiga kelele. Dirisha nikaliziba kwa shuka za kijani za chumba cha upasuaji. Mlangoni nikaandika: KLINIKI YA USINGIZI. Kesho yake nikakuta mtu ameongeza kwa chaki: LETE MTO WAKO.

Waliniita Mama Usingizi. Aliyeongoza kucheka ni katibu wa hospitali. Katibu si daktari. Ni mtu wa mafaili, vikao na nidhamu, na suruali yake imenyooshwa pasi mpaka unaweza kukatia mkate. "Sista," aliniambia siku ya kwanza, "watu wanakufa kwa homa, damu hatuna, glavu hatuna, na wewe unataka kuwalaza?" Nilimjibu kwamba kulala wanalala tayari, mimi nataka waamke. Hakupenda. Tangu siku ile tukawa kama paka na panya, na sijawahi kukubali kwamba mimi ndiye panya.

Sasa dereva. Ni mtu wa miraba minne, shingo nene, mcheshi, mwenye salamu kwa kila mtu mpaka wafagiaji wa nje. Kwa miaka mingi wenzake walimwita Bwana Fofofo. Alisinzia kwenye foleni ya chai akiwa amesimama. Alisinzia akiongea na simu, na aliyempigia akakaa anasubiri jibu. Alisinzia kwenye semina ya usalama barabarani, kiti cha mbele, tena akikoroma. Watu walicheka mpaka mbavu zikawauma. Jumanne ya wiki ile hawakucheka. Aligonga nguzo ya lango la hospitali, king'ora kinalia, taa zinawaka, na nyuma yumo mama mwenye uchungu wa kuzaa. Mama yule alijifungua salama dakika arobaini baadaye, na wodi ya wazazi wakampa mtoto jina la utani Nguzo. Lakini gari liliharibika uso, na katibu akaandika kwenye faili: ulevi kazini.

Mtu huyo hajaonja pombe maishani mwake. Kamati ya nidhamu ikaitishwa Jumatatu. Kwa dereva, ulevi au kulala kazini adhabu yake ni moja tu, kufukuzwa, na hapo ungekuwa mwisho wa miaka kumi na tisa ya kazi.

Alinijia Jumatano, kofia mkononi. "Nipime, dada," akasema. "Mimi silewi, na uvivu sina. Naendesha huku najifinya mapaja. Nimekula pilipili mbichi, nimefungua vioo vyote, nimeimba peke yangu. Sijui naumwa nini."

Nilimpima Ijumaa, asubuhi, kwa sababu zamu zake zote ni za usiku na mwili wake umezoea kulala mchana. Alikuja na mkewe, fundi cherehani, mwanamke mwembamba, mchache wa maneno, macho mekundu. Mimi nilikuwa na wagonjwa thelathini wananingoja kliniki. Nikamfunga dereva kipimo, nikampa mkewe stuli. "Shemeji," nikamwambia, "kaa hapa uangalie huu waya usichomoke." Akaitikia kwa kichwa, nikaenda zangu.

Saa nane nikarudi. Waya ulikuwa mahali pake, na dereva alikuwa anakoroma hadi chupa za dawa rafuni zinagongana. Nikachukua kipimo nikakimbilia chumba cha mafaili ya wagonjwa, kwenye kompyuta pekee inayokubali kukisoma. Nilitegemea kuona mstari unaoporomoka. Nikaona mstari wa oksijeni umetulia kwenye tisini na tano, tisini na sita. Ulikuwa na vijimeno vidogo vidogo kama vya msumeno, vinashuka nukta moja, mbili, vinarudi juu. Kozini tulifundishwa kwamba mshuko wa chini ya nukta tatu hauhesabiwi. Sikuvihesabu. Karatasi za kamati zilitakiwa kabla ya saa kumi. Nikajiambia labda mtu huyu kweli ni mvivu tu, na kama ni mvivu basi sitamdanganyia mtu. Nilijiona mkweli sana wakati natia sahihi.

Katibu aliisoma amesimama. Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. "Hata ugonjwa wako mwenyewe umemkataa," akasema, akaitia kwenye faili.

Usiku ule sikula. Jumamosi asubuhi nikafunga safari hadi nyumbani kwa dereva, nimwambie uso kwa uso kabla hajayasikia kwa wengine. Yeye alikuwa ametoka kutafuta kazi ya kuendesha gari la mchanga, na hilo peke yake lilinitia baridi. Mkewe nilimkuta sebuleni kwenye cherehani, amevaa blauzi ya mikono mifupi. Nikamweleza. Alinisikiliza huku anapiga pindo la suruali ya shule, hakuinua macho. Ndipo nikaona kiwiko chake cha kulia. Ngozi ilikuwa nene, nyeusi, imekakamaa kama kisigino cha mtu atembeaye peku.

"Shemeji, kiwiko kimefanya nini?"

Akakitazama kama kitu alichokisahau. "Hiki? Cha kumwamshia."

"Kumwamshia nani?"

"Baba watoto. Akikoroma silali vizuri, lakini moyo umetulia, najua yupo. Akinyamaza ndio taabu. Akinyamaza nampiga kiwiko, anashtuka, anavuta hewa, tunaendelea."

"Tangu lini?"

"Wa mwisho alikuwa ananyonya. Sasa yuko darasa la tatu." Akafikiri. "Miaka minane."

Nilijua jibu kabla sijauliza, lakini niliuliza. "Na jana? Pale kwenye stuli?"

"Jana pia. Ulisema niangalie waya, nikauangalia. Na yeye nikamwangalia vilevile. Hakunyamaza hata mara moja zaidi ya sekunde chache, nilikuwa naye karibu." Hapo ndipo akainua macho, na akaona uso wangu. "Kwani nimekosea, sista?"

Hakuwa amekosea. Nilikosea mimi niliyemweka mwanamke huyu kando ya kitanda bila kumuuliza huwa anafanya nini hapo kila siku. Vile vijimeno vya msumeno vilikuwa viwiko vyake. Kila pumzi ilipokatika alimrudisha kabla damu haijaishiwa hewa, mara mia tatu kwa asubuhi moja, na mimi nikaandika kwamba mume wake ni mzima. Nilimwambia hivyo hivyo, bila kuzungukazunguka. Akasema, "Kwa hiyo mimi ndiye niliyemfukuzisha kazi." Nikamwambia akome kabisa kusema maneno hayo, na nilisema kwa ukali kuliko nilivyokusudia.

Nikarudi hospitali mbio kuandaa chumba upya. Mlangoni nikakuta kufuli jipya linang'aa, na kupitia upenyo nikaona vitanda kumi na kimoja vimerudishwa, vimepangwa hadi darini. Mlinzi akajikuna kichwa. "Sista, nimeambiwa kliniki haina wagonjwa. Katibu kaondoka na ufunguo." Nilisema maneno ambayo mlinzi yule mpaka leo ananikumbusha kila akiniona. Kisha nikashika mkoba wangu. Kipimo kilikuwa humo, huwa hakiachani na mimi. Chumba wangeweza kukifunga, lakini usingizi wa mtu uko popote alipolala.

Jumapili saa nne asubuhi nilikuwa chumbani kwao. Watoto walipelekwa kwa shangazi yao. Pazia lilikuwa zito, dirisha limefungwa, na cherehani ilihamishiwa chumbani kwa sababu mkewe alisema hawezi kukaa na mikono mitupu. Dereva alijifunga kibanio mwenyewe, akatania kwamba hajawahi kulala akitazamwa na wanawake wawili, na kabla hajamaliza kucheka mwenyewe alikuwa ameshapitiwa.

"Nisipomwamsha?" mkewe akaninong'oneza.

"Mwili wake utamwamsha."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Wewe una hakika ya kitabu," akasema. "Mimi miaka minane sijawahi kusubiri nione."

Nikamwambia kwamba nikihesabu sekunde sitini bila pumzi nitamwamsha mwenyewe, kwa kofi kama ni lazima. Akaketi kwenye cherehani. Hakuweka uzi. Akachukua kipande cha kitambaa akawa anakipitisha chini ya sindano tupu, miguu inakanyaga, na mlio wa cherehani ukachanganyika na mkoromo wa mumewe. Kisha mkoromo ukakatika. Cherehani nayo ikasimama. Chumba kizima kikawa kimya. Kifua cha dereva kilikuwa kinapanda na kushuka, kinapigania hewa ambayo haipiti. Nikahesabu sekunde kwa saa yangu. Kumi. Ishirini. Kwenye kidude cha mkononi mwake namba ilianza kushuka, tisini na mbili, themanini na saba, themanini na moja.

Kwenye thelathini na tano mkewe aliinuka. Nikamdaka mkono. Alinigeukia na macho ambayo sitayasahau. "Huyu si karatasi yako!" akaniambia kwa sauti ya chini. "Huyu ni mume wangu!"

Alikuwa na haki. Nikauachia mkono wake. "Ukitaka kumwamsha, mwamshe," nikasema. "Sitakuzuia, na sitakulaumu."

Alisimama pale, kiwiko kimekunjwa, ngozi ile nyeusi imetangulia mbele. Arobaini. Arobaini na nne. Namba ilisoma sabini na mbili, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeshasahau kitabu, nilikuwa naomba tu. Ndipo dereva akashtuka mwili mzima, akavuta hewa kwa mngurumo kama mtu aliyechomolewa kisimani, akageuza shingo, akaendelea kukoroma. Mkewe akaketi chini sakafuni. Akalia bila sauti, mkono mdomoni. Baada ya muda akarudi kwenye cherehani na kuanza kukanyaga tena, na nusu dakika baadaye mkoromo ukakatika tena, na cherehani ikasimama.

Tulifanya hivyo kwa muda wa saa mbili na nusu. Hakumwamsha hata mara moja. Nimewahi kuona upasuaji mkubwa, nimeona watu wakikatwa miguu, lakini sijaona mtu mwenye roho ngumu kama mwanamke yule asubuhi ile.

Kwa alama nilizokuwa nachora kwenye karatasi, pumzi zilikatika mara hamsini na mbili kwa saa. Kitabu kinasema zikizidi thelathini mtu yuko hatarini sana. Dereva alipoamka nilimwonyesha kwenye karatasi, na kwa dakika moja uso wake ulijaa furaha. "Kwa hiyo naumwa!" akasema, kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Kisha nikamwambia lililobaki. Nitampigania asifukuzwe, lakini usukani sitamrudishia. Nitaandika kwa mkono wangu kwamba asiendeshe hata baiskeli mpaka atibiwe, na lile gari la mchanga asahau kabisa.

Furaha ikamtoka. "Miaka kumi na tisa mimi ni dereva," akasema. "Ukinishusha kwenye usukani mimi ni nani? Wao wananifukuza kwa mlango wa mbele, wewe unanitoa kwa mlango wa nyuma."

"Kaka, Jumanne ulikuwa na mama mjamzito nyuma."

Mkewe ndiye aliyejibu, anakunja kile kitambaa kilichojaa matundu ya sindano. "Andika, sista," akasema. "Andika yote."

Kamati ilikuwa na watu watano na meza moja ndefu. Mwenyekiti ni daktari mkuu wetu, mtu mzuri aliyechoka, amebakiza mwaka mmoja astaafu na anautamani. Katibu alizipanga ripoti zangu mbili ubavu kwa ubavu.

"Ripoti mbili," akasema, "sahihi moja, siku tatu. Ya Ijumaa inasema mzima, ya Jumapili inasema mahututi. Sista atusaidie, ipi ya uongo?"

"Ya Ijumaa."

Hakutegemea. "Unakiri umeandika ripoti ya uongo?"

"Nakiri, na iandikwe kwenye muhtasari. Nilimpima mtu huku mkewe anamwamsha kila pumzi ikikatika, na sikuuliza. Kosa ni langu, si lao."

"Unajua adhabu yake?"

"Barua ya onyo. Niandikie, bwana. Tena iandike kwa herufi kubwa, nimesahau miwani."

Daktari mkuu akakohoa kuficha kicheko. Akaagiza mke wa dereva aitwe kutoka kwenye benchi la nje. Aliingia, akasimama, akaulizwa. Alikunja mkono wa gauni akaonyesha kiwiko. "Miaka minane," akasema, "mimi ndiye ninayemrudishia pumzi. Mnasema analala kazini. Mimi sijalala, na hakuna aliyeniitia kamati." Akashusha mkono wa gauni. Mjumbe mmoja, mhasibu, akatazama dari.

Katibu si mtu wa kukata tamaa, hilo nampa. Alisema kwamba anasikitika, lakini hospitali hii haiwezi kuacha malaria na wajawazito ikahangaika na watu wanaokoroma. Hapo nikaja juu. Nilikuwa nimekuja na ratiba ya zamu za madereva, nimeichomoa ubaoni asubuhi ile na pini zake. Nikaitandaza mbele ya daktari mkuu. "Wajawazito hao wanaletwa hapa na nani?" nikauliza. "Wenye malaria wanaletwa na nani? Dereva wa pili alistaafu mwaka jana. Huyu amepangwa usiku ishirini na mbili mfululizo, mgonjwa, na hapa chini kuna sahihi ya aliyempanga. Kama tunatafuta wa kumfukuza, tuisome hiyo sahihi kwa sauti."

Hakuna aliyeisoma. Haikuhitaji kusomwa, suruali iliyonyooshwa ilikuwa imeanza kutoa jasho.

"Basi tuseme anaumwa," katibu akasema, sauti imepungua. Akatoa fomu ya mapumziko ya ugonjwa. "Sheria ni sheria. Fomu ina magonjwa kumi na mawili, kila mmoja na kisanduku chake. Huu wako haumo. Na anayejaza 'mengineyo' hapati zaidi ya siku tatu. Baada ya siku tatu harudi kwenye gari, hana likizo, anahesabika mtoro. Mimi sijaitunga fomu."

Kweli hakuitunga. Nadhani hakuna aliye hai aliyeitunga. Nikaivuta mbele yangu, nikachukua kalamu ya daktari mkuu kutoka mkononi mwake bila kumwomba. Chini ya kisanduku cha kumi na mbili palikuwa na nafasi kidogo. Nikachora kisanduku. Kwa hasira niliyokuwa nayo, kikatoka kimeinama upande mmoja. Pembeni nikaandika: Pumzi kukatika usingizini. Nikaweka alama ndani, nikamsogezea daktari mkuu.

"Hii haikubaliki," katibu akasema.

Daktari mkuu aliitazama ile fomu muda mrefu, kisha akaitazama ratiba, kisha akamtazama yule mama aliyesimama. "Nitaulizwa," akaniambia.

"Ukiulizwa, sema nimekulazimisha."

Akatia sahihi.

Dereva hakufukuzwa. Alipata miezi mitatu, kisha akawekwa kwenye chumba cha simu pale langoni, anapokea taarifa na kuyaelekeza magari yanayoleta wagonjwa, mchana tu. Mimi nilipata barua yangu ya onyo, nimeibandika ndani ya mlango wa kliniki. Chumba nilikifungua kesho yake, Jumanne, mimi na fundi wa hospitali na msumeno wa chuma. Kufuli lililokatwa nikalipeleka mezani kwa katibu na karatasi ya kupokelea, atie sahihi kwamba limerudishwa zima, vipande viwili.

Tiba kamili ni mashine ya kusukuma hewa kooni usiku kucha, na mashine hiyo hatuna. Nimeandika barua nne kwenye hospitali kubwa, nimejibiwa "subirini" mara nne, na barua ya tano imekwenda. Hatukukaa kusubiri. Mkewe alimshonea fulana yenye mfuko mgongoni, ndani akashindilia vitambaa vigumu, asiweze kulala chali. Amepunguza chakula, anatembea kwa miguu kwenda na kurudi kazini. Nimempima mara mbili tangu hapo, na za hamsini na mbili zimebaki kumi na tisa. Hazijaisha. Usukani bado, na bado ana hasira na mimi. Zamani aliniita dada, siku hizi ananiita sista. Inaniuma, lakini sitaibadilisha karatasi yangu kwa ajili ya kuitwa dada.

Hayo ningeyaacha hapo, kama si karani wa masjala. Kwetu fomu zikiisha hakuna wa kuagiza mpya. Karani huchukua iliyotumika, hufunika majina na tarehe kwa wino mweupe, hupiga fotokopi, maisha yanaendelea. Mwezi ule fomu za mapumziko ziliisha, na iliyokuwa juu kwenye faili ilikuwa ya dereva. Karani akafuta jina, akafuta tarehe, akafuta alama yangu. Kisanduku kilichopinda na maneno yake akaviacha, akidhani ni sehemu ya fomu. Akapiga nakala mia sita, akazisambaza wodi zote na zahanati zote kumi na nne za wilaya.

Katibu alikuja juu kama moto wa mabua. Alitaka zirudishwe zote. Nikamwambia aanze kuzikusanya yeye, na gari asiombe, dereva hatuna.

Wiki iliyopita, saa tano asubuhi, mwanamke alisimama mlangoni kwangu na vumbi la safari hadi magotini. Ni mwalimu wa shule ya msingi, ametumwa kutoka zahanati ya mbali kabisa, ambako mimi sijawahi kufika. Amekuwa akisinzia darasani, chaki mkononi, wanafunzi wakimcheka. Ana barua tatu za onyo, na ya nne ndiyo ya kumwondoa. Alinipa fomu. Kisanduku changu kilichopinda kilikuwa na alama ya mkono wa mtu nisiyemjua.

"Muuguzi wa kule aliniuliza maswali," akasema. "Kisha akaitafuta kwenye fomu, akaiona. Akaniambia, mwalimu, huu ni ugonjwa, si umeandikwa hapa?" Midomo ikaanza kumcheza. "Miaka sita, sista. Mkuu wa shule, mume wangu, mama yangu mzazi, wote wamesema mimi ni mvivu. Na mimi nikakubali."

"Walikosea," nikamwambia. "Hukuwa mvivu hata siku moja."

Alilia pale pale mlangoni, fomu kifuani, na nikamwacha alie mpaka aliponyamaza mwenyewe.